Chumba Chenye Dirisha

Coventry haina bahari. Ina mvua,
ina barabara ya mzunguko inayozunguka
mpaka ikasahau ilikuwa ikienda wapi,
na ina sisi wawili, jikoni, Jumapili,
miguu yangu ndani ya beseni la maji ya chumvi
(zamu mbili za basi, Ijumaa na jana),
na Shemsa, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi,
kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Mbele yetu vitabu vya safari za meli, vya bure.
Aliviokota kwa wakala karibu na soko
akaja navyo chini ya mfuko wa mchele
kama aliyeiba.

"Siku saba Norwei," anasema. "Au kumi na nne, Hispania na visiwa vyake."
"Norwei kuna nini?"
"Milima. Maji. Kimya."
"Kimya tunacho hapa, mke wangu, tena hatulipii."
Ananitazama juu ya miwani.
Kimya cha hapa, anasema, kina jokofu ndani yake.

Basi tunapanga.
Tunataka meli isiyo na mitelezo ya maji,
isiyo na kikaragosi wa kukumbatia watu saa ya chai.
Ziko za watu wazima tu: anaweka alama.
Chakula cha halali: alama ya kuuliza.
Dansi usiku: naweka mimi, yeye anafuta, naweka tena.
Chumba cha ndani kina nafuu ya pauni mia nne na kumi
lakini hakina dirisha,
na Shemsa mwaka wa kumi na tisa huu yuko chini ya ardhi,
kwenye chumba cha kufulia cha hospitali,
akikunja mashuka ya wagonjwa
chini ya taa isiyojua asubuhi.
"Dirisha," nasema.
"Pauni mia nne, Haidari."
"Na kumi. Dirisha."

Dada yangu anapiga simu kutoka Tanga, tunamweka kwenye spika.
"Yaani mnapanda Southampton, mnakuja kushuka Southampton?"
"Ndiyo."
Ananyamaza. Nasikia anapiga hesabu ya mabati.
"Mngekuwa na watoto," anasema, "msingepata nafasi ya mambo haya."
Kweli tupu. Shemsa anamshukuru,
anamuulizia goti lake, anamtakia usiku mwema,
kisha anachovya mkate kwenye chai
mpaka unakatika.

Pesa zenyewe zilikuwa na jina lingine.
Bahasha ya kaki, mwandiko wake, KLINIKI,
nyuma ya sinia la harusi tangu mwaka ule
daktari alipotusogezea boksi la tishu
kabla hajafungua mdomo.
Hatukuigusa. Hata boila ilipokufa katikati ya Januari
tulilala na makoti.
Wiki iliyopita nimeikuta mezani,
lile neno limekatwa kwa mstari mmoja, wa rula,
na juu yake hakuandika kitu.

Sasa kompyuta inauliza.
Watu wazima: wawili.
Watoto: kisanduku kitupu.
Hakikubali kuachwa wazi. Ukikiruka, kinageuka chekundu.
Nasogeza kidole, nakirudisha, najikuna ndevu.
"Weka," anasema Shemsa. Yuko kwenye sinki, amenipa mgongo.
Naweka sifuri.
Kinakubali.
Ukurasa unaofuata unataka kujua
tunapenda mito laini au migumu.

"Migumu," anasema.
"Laini," nasema,
na hapo tukagombana kwa raha, nusu saa nzima,
maji ya beseni yakapoa,
mvua ikaanza kupiga ubavu wa nyumba kama kawaida yake,
naye akaja, akashusha taulo begani, akainama
akanikausha mguu mmoja.
Wa pili, akasema, uukaushe mwenyewe,
mimi niko likizo.