Ukucha Kwanza

Usianze na kitambaa, Byamungu. Anza na ukucha.
Upitishe juu ya mchubuko, polepole,
kama mtu anayetafuta kitasa gizani.
Ukiteleza, kazi ni yetu.
Ukikwama, mwambie mwenye gari ukweli
kabla hajaketi, kabla hajaagiza chai:
huu umeingia nyama, hatuutoi.

Magari mengi ya Goma yana kovu moja.
Asubuhi ile majivu yaliposhuka
watu walitoka na shati, na kitenge, na gazeti,
wakafuta vikavu.
Walidhani ni vumbi. Kumbe ni mawe
ambayo mlima haukumaliza kuyasaga.
Wengine wakawasha waipa,
zikachora upinde, kushoto, kulia,
na upinde ule unawaka mpaka leo
kila taa za mwenzako zikikujia usoni.

Kwa hiyo maji kwanza. Mengi, kutoka juu.
Acha yabebe yenyewe.

Halafu madoa, haya meupe kama magamba ya sambaza.
Si uchafu. Ni maji ya ziwa yaliyokaukia juani,
yakahama usiku kama mpangaji mwenye deni
na kuacha mizigo yake kiooni.
Siki nusu, maji nusu. Kitambaa kilowe,
kilale juu ya doa mpaka uhesabu mia mbili.
Mimi nahesabu kwa Kinande.
Kwa Kifaransa naharakisha.

Mchubuko mwepesi, dawa ya meno, ile nyeupe,
isiyo na chembe, kiasi cha haragwe moja.
Birere wanauza unga wa waridi kwa bei ya mbuzi;
tunao kidogo, wa siku ngumu.
Duara ndogo, ndogo.
Usisugue kama unayefua jinzi.
Kioo hakipendi hasira.

Unamkumbuka Mama Kavugho, Jumamosi,
na Toyota yake ya usukani wa kulia
inayonuka viazi vya Masisi mpaka kwenye mikanda?
"Usiku kila taa inanizalia mapacha," alisema.
"Juzi njia ya Sake nusura nimkanyage mtu wa chukudu.
Akanitukana vizuri sana,
nikashindwa hata kukasirika."

Saa mbili mpaka saa saba.
Wewe upande wa abiria, mimi wa dereva.
Upinde ukafifia, ukawa uzi,
ukawa kitu unachokijua tu kwa kuwa ulikijua.
Mmoja wa chini, karibu na karatasi ya bima,
uliukamata ukucha. Tukauacha. Nikamwonyesha.
Akaupapasa kama jino bovu
na kulipa faranga zote bila kubishana,
jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

Sasa sikiliza.
Leo asubuhi, ulipokuwa ziwani na madumu,
amerudi. Hakuteremka. Alishusha dirisha:
"Paluku, mmenisogezea mlima."

Anasema zamani, akitoka Katindo usiku,
ule wekundu juu ya Nyiragongo
ulikuwa doa tu, kitu cha kioo;
aliupangusa kwa kiganja, akaendelea na njia.
Sasa haupanguki.
Sasa uko kule uliko,
na yeye yuko huku, na viazi, na watoto nyuma,
na kati yao hakuna kitu.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.
Nikatazama vyombo vyetu pale juu ya tofali la lava:
siki, dawa ya meno, unga wa waridi.
Nikapitisha ukucha kiooni, bila sababu.
Uliteleza toka mwanzo hadi mwisho.

"Basi urudishe kama ulivyokuwa," akasema,
na sikujua kama ni mzaha.
Nikamwambia hiyo ni kazi ya mvua na ziwa,
wiki mbili, tatu, na hawatozi kitu.

Yuko pale, kwa chai.
Anasema pia ndege amenya upande wa abiria, upande wako.
Weka madumu hapa.
Maji kwanza, Byamungu. Mengi.