Uyoga wa Wifi

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne, Sikonge ikanuka chuma na majani.
Alhamisi, jogoo wa kina Kapela hajamaliza kuwika,
wifi Nyanzala yuko mlangoni na ndoo ya sado,
matope ya porini yamempanda hadi magotini.
Miaka mitatu hajakanyaga hapa,
tangu tugombee mizinga ya marehemu.
Hakupiga hodi. Aliuliza, "Una karanga?"

Ninazo.

Tukaumwaga kwenye ungo:
mwingine mpana kama kisahani,
mwingine umefumba bado, ngumi ya mtoto mchanga,
rangi ya kutu, rangi ya maziwa yaliyolala,
na sisimizi mmoja anazunguka ukingoni
akitafuta njia ya kurudi kwao.
Macho ya Nyanzala yamefifia. Anaupima kwa pua.
Anavunja shina, ananusa, anaweka kushoto.
Anavunja, ananusa, anasita,
anautupa mbali na kuku.
"Huu una sura nzuri mno," anasema.

Binti yangu alinitumia jungu la umeme kutoka Mwanza,
kitufe kimoja, taa nyekundu.
Mama, unapakia asubuhi, unakwenda zako shamba,
jioni unakuta kimeiva.
Nikaliwasha. Kwa kujionyesha, nisidanganye.
Kitunguu, chumvi, uyoga ulioshwa maji saba.

Saa nne taa ikazima.
Mashine ya kusaga ikakatika katikati ya debe la mtu.
Nyanzala akacheka peke yake, kisha na mimi.
Kicheko chetu kilikuwa na kutu.

Basi chungu cha mama mkwe kikashuka uchagani,
tukakifuta utando wa buibui,
mafiga matatu, gogo la mtundu,
moto wa kunong'ona.
Uyoga hautaki pupa. Ukiuharakisha unakuwa kandambili.
Kwanza unalia, unatoa maji yake yote,
unajaza chungu ambacho hukukitia hata kikombe.
Kisha unayanywa tena, taratibu,
machozi yake mwenyewe,
na hapo ndipo unapoanza kunukia.

Hatukuitaja mizinga mpaka maji yalipokauka.
Mimi natwanga, yeye anakoroga.
Akasema bila kugeuka,
"Ule wa kwenye mkurungu, karibu na kisima.
Nyuki wamehama."
"Wamekwenda wapi?"
"Sijui."
Mchi ukaendelea.

Karanga ziliingia saa nane,
uji mzito wenye rangi ya barabara ya Ipole,
ukipasua povu moja, ukipumzika, ukipasua jingine.
Tukala na ugali wa muhogo, sahani moja.
Vidole vyetu vilikutana mara mbili kwenye shina moja.
Mara ya kwanza alirudisha mkono yeye,
mara ya pili nikarudisha mimi,
shina likabaki pale, linapoa.

Usiku wa manane umeme ukarudi.
Jungu likawasha taa yake, tupu,
likawa linaipikia nyumba hewa.
Sikulizima upesi.
Nyanzala alishalala kwenye kitanda cha binti yangu,
miguu nje ya shuka,
matope yamekauka, yanadondoka vipandevipande.