Mifukoni mwa Mabaharia

Kabla ya sabuni, mfuko.
Hiyo ndiyo sheria ya dobi yeyote wa Ganjoni
aliyewahi kufua kalamu ya wino na kanzu ya Ijumaa,
akamkimbia mwenye kanzu hadi Idi.

Basi mimi hupekua. Si wizi.
Kila nikipatacho nakitia katika kopo la maziwa,
naandika jina la meli kwa chaki,
na mwenyewe akija namrudishia chake pamoja na swali:
hiki umekitoa wapi?

Jiwe jeusi, laini kama kashata iliyolambwa.
La Rizaldo, mpishi. Kwao Batanes,
vijisiwa vya kaskazini kabisa mwa Ufilipino,
ambako kuta ni nene kwa kuiogopa tufani,
ng'ombe hula nyasi ukingoni, bahari ikitokota chini yao,
na liko duka lisilo na muuzaji:
wachukua biskuti, waacha pesa, wajirudishia chenji.
Nilicheka hata pasi ikaunguza kola.
"Na wezi?"
Akafikiri. "Wezi nao hununua hapo hapo."

Tikiti ya basi, imekunjwa mara nane.
Ya Vakho, wa Georgia, kutoka milima ya Svaneti.
Kila ukoo na mnara wake wa mawe,
walijenga enzi za visasi, jirani akimvizia jirani.
Visasi vimekwisha, minara imebaki, kunguru wamerithi.
Theluji ikiziba njia, haingii mtu, hatoki mtu.
"Nenda mwezi wa sita," akanambia, "maua yafika magotini."
Nenda!
Kana kwamba anituma Kongowea kununua vitunguu.

Uzi wa sufu, rangi ya manjano iliyochujuka.
Evaristo, kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile, mvua haina likizo.
Huko nyumba huhama.
Sikusema watu. Nyumba.
Huitia magogo chini, hufunga mafahali kwa kamba,
kijiji kizima huvuta, mapazia yangali madirishani;
wakikuta mkono wa bahari, huielesha, ikavuka.
Kisha mwenye nyumba huwapikia wote.
Mimi mwenye nyumba wangu amenihamisha mara tatu
na nyumba yake haijasogea hata shubiri.

Wako pia wasio na kitu mfukoni.
Stoyan, fundi mkuu wa meli ya klinka,
alinyoosha vidole, akakunja, akachoka kuhesabu.
"Bandari mia na zaidi. Winchi ile ile. Geti lile lile.
Mji, hata mmoja, sijauona."
Akaegemea meza yangu ya pasi.
"Hapa kwenu kuna nini?
Usinitajie Ngome. Ngome naijua, iko kwenye kalenda ya meli."

Nikatafuta jibu
kama mtu atafutaye ufunguo alioushika mkononi.
Kisha nikachomoa pasi, nikafunga duka saa nane mchana,
jambo ambalo sikulifanya hata siku ya arusi ya dada yangu.

Tukapita magodauni, malori, harufu ya mafuta na kahawa,
hadi Mbaraki, penye mnara wa matumbawe,
mweupe, mtupu ndani, umeinama kidogo
kama mtu aliyeitwa na asiyetaka kugeuka.
Chini yake, chupa za marashi za wenye haja zao.
Hakuwepo mtu.
Stoyan akaweka kiganja ukutani,
vile upimavyo homa ya mtoto.
"Nani alijenga?"
Nikasema wengine wasema kaburi, wengine wasema jini.
Sikumwambia kwamba ni dakika kumi kutoka dukani kwangu
na nilikuwa sijafika miaka thelathini na miwili.

Kesho yake ovaroli lake likaja.
Nikatia mkono mfukoni:
vumbi la chokaa, chembe chache tu.
Nikalikung'utia kopo, nikashika chaki,
nikaacha jina la meli, nikaandika Mbaraki.
Liko rafuni mpaka leo,
kati ya Batanes na Chiloé.