Jino na Yai

Asubuhi hii, zahanati ya Nyalenda, chini ya darubini:
yai moja la kichocho, rangi ya asali,
na mwiba ubavuni
kama jogoo aliyeota kipi kimoja tu.
Ni la Ogalo, miaka tisa,
anayeogelea Dunga kila akitoka shule,
achapwe, asichapwe.

Nikasogeza lenzi. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa kibarua wa msimu kule Songhor,
akifukua kwa brashi ya rangi na sindano ya magunia
sokwe asiye na mkia
aliyelala katika jivu la volkano
tangu ziwa hili halijapata pa kulala.
Siku moja waliruhusu alishike jino.
Jioni akatufumbulia kiganja kitupu:
“Lilikaa hapa.”
Nasi sote tukachungulia.

Basi napima. Ndiyo kazi yangu.

Sokwe alikuwa na mikono,
vidole vya kubonyeza tunda kabla ya kulichuma,
mgongo wa mama wa kupandia,
usingizi wa mtini, na labda wivu.
Kichocho hana mkono.
Utumbo wake una mlango mmoja, wa kuingilia na kutokea.
Alipanga ndani ya konokono bila kulipa kodi,
akatoka majini jua likiwa kali,
akabisha hodi ngozini
na ngozi, kwa ujinga wake, ikasema karibu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe analo.
Analimia ini.

Nani bora? Usiniharakishe.
Maana huyu asiye na mikono
ndiye anayekumbatia:
dume amejikunja mfereji, jike yumo ndani,
gizani, mshipani mwa mtoto, miaka nenda miaka rudi,
hata kula hawaachani.
Mimi na Odera tulimudu minne.
Na yule mwenye mikono?
Matawi aliyoyashika yamekuwa mawe,
mikono yenyewe imebaki vipande
katika sanduku lenye namba, Nairobi,
na hakuna aliyewahi kunywa dawa kwa ajili yake.

Ogalo ameingia, nywele bado zina maji.
Ziwa! Asubuhi yote hii!
Ukutani tuna ufito wa kupimia dozi,
umepakwa mistari myekundu.
“Simama wima,” namwambia.
Anashusha visigino, ananyoosha shingo,
uti wa mgongo unapanda pingili kwa pingili
kama kitu kilichochukua muda mrefu sana kujifunza.
Vidonge viwili na nusu.

“Wataumia?” ananiuliza.
“Nani?”
“Hao wawili.”

Sikuwa na jibu la kitabuni.
Akameza, uso ukakunjamana kwa uchungu.
“Panua kinywa nione kama umemeza.”
Akapanua.
Na huko nyuma kabisa, ling'avu, lenye mate,
nikaliona
lile la kiganjani mwa baba.