Uzito wa Bwana Morozumi

Mimi sikumsoma. Nilimpima.
Posta Kuu, Mtaa wa Azikiwe, dirisha namba nne,
Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne kasorobo:
bahasha ya kaki, kamba ya katani, fundo moja la kubana,
gramu mia nne na thelathini.
"Ndani mna nini?" Fomu ndiyo inayouliza, si mimi.
"Karatasi," anajibu.
Na kweli, karatasi.

Wenzangu walimwita Bwana Morogoro, kwa uvivu wa ulimi.
Mchana fundi wa mitambo ya nyavu, Barabara ya Pugu,
oili chini ya kucha, Idi kwa Krismasi.
Usiku Upanga, Mtaa wa Mindu, ghorofa ya pili,
taa moja haizimwi mpaka adhana ya alfajiri.
Majirani: anaswali huyo. Wengine: anahesabu dola.
Mlinzi Nachenga akakata shauri: kakimbiwa na mke.
Kumbe anaua watu,
mmoja kila mwezi, kwa penseli.

Miaka ishirini na miwili.
Mwaka wa foleni za sukari, gramu mia mbili tu,
karatasi hakuna, anaandika nyuma ya stakabadhi za kiwanda.
Maduka yalipofunguka, karibu kilo nzima,
na shati jipya.
Halafu Ijumaa moja ya mvua za vuli:
gramu tisini.
Hakunitazama. Alisukuma sarafu chini ya kioo,
hesabu imetimia mpaka senti,
akasema, "Samahani, Bi Mwantumu."
Samahani ya nini?

Haukupita mwezi, Sanduku 2216 likatapika.
Barua! Stempu za korongo, za mlima, za samaki wekundu,
viroba vitatu nilivyoviburuta mwenyewe.
Akavipakia kwenye kikapu cha sokoni, kichwa chini,
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari guru.
Ijumaa iliyofuata, gramu mia saba na kumi,
akacheka, jino la pembeni la fedha:
"Umepona."
Nani aliumwa?

Sasa nimestaafu. Temeke, mgongo mbovu, kuku sita.
Juzi ilipigwa hodi: mpwa wake, Chizuru,
na kijana wa chuo wa kutafsiri,
na boksi la vitabu vidogo, thelathini na tisa.
Kila jalada, mwanamke mweusi nyuma ya kioo,
mizani mbele yake,
miwani imefungwa uzi mkono wa kushoto.
Miwani yangu.
Karani Tumu wa Dirisha la Nne: hana bastola, haendi popote,
anapima kifurushi, anamtaja muuaji.

"Cha kumi na saba," kijana akasema, akiona haya,
"unatiwa sumu kwenye kahawa. Unakufa ukurasa wa mwisho."
Wasomaji wakagoma.
Bibi mmoja wa Niigata aliandika kila siku, siku arobaini.
Arobaini!
Nilifanyiwa arobaini na mtu nisiyemjua
huku mimi nagonga mihuri,
nagombana na bosi juu ya feni.

Angeniuliza. Ningemwambia:
kahawa mimi siinywi, inanipa kiungulia;
nitilie kwenye maji ya ukwaju.

Kafia kwao, kwenye theluji, Chizuru anasema.
Hakuoa. Kiswahili alikisema akiwa na homa,
manesi wakadhani ni dua:
mia nne na thelathini, mia nne na thelathini.

Cha arobaini hakijachapwa.
Alikiweka mezani kwangu, juu ya kitambaa cha plastiki:
bahasha ya kaki, kamba ya katani, fundo moja la kubana.
Sikuifungua. Ningesoma nini?
Nikainyanyua kwa kiganja. Mkono haustaafu.

Mia tatu na kumi.

Nikairudisha mezani, nikavua miwani.
"Mwambie," nikamwambia kijana,
"pungufu. Muuaji hayumo humu.
Akatafute tena nyumbani, chini ya godoro."