Tundu la Tano

Ninazo sita ndani ya bati la biskuti,
zimelala juu ya fulana kuukuu,
pamoja na barua ya polisi wa Wete, muhuri wa zambarau,
isemayo vyuma hivi haviui tena.
Mke wangu Mkasi haiamini ile barua.
"Chuma," asema, "hakijui kusoma."

Mimi ni fundi saa. Nimezoea vitu vidogo
vinavyohesabu.
Nazo nilizipendea hilo: hazizidi kiganja,
bastola za kukaa mfukoni
na leso, na kijaluba cha tambuu.

Jumanne akaja Bi Chumu Faki, kutoka Mtambwe,
na kikapu cha mbatata.
Chini ya mbatata, kanga; ndani ya kanga, gazeti;
ndani ya gazeti, donge la kutu.
"Yakhe Rehani, nambie hii nini.
Kisha nambie ya nani."

La kwanza ndiyo kazi yangu.
Mafuta ya taa, usiku kucha. Mswaki uliochakaa.
Msasa, haramu: kutu ni ngozi,
ukiichuna, na jina huondoka nayo.
Asubuhi nikabana lenzi jichoni, nikaanza kusoma.

Kifyatulio chakunjika, kimejificha tumboni
kama mguu wa panzi.
Kitako cha mpingo. Hapana,
nimekwaruza: mti wa jozi, umepakwa rangi.
Ukingoni mwa kila tundu la silinda pana mfuo mdogo,
maana risasi za zama hizo zilikuwa na msumari ubavuni,
na nyundo ilipiga msumari.
Nyuma ya silinda, nilipokwisha kukata tamaa,
umbo la yai, herufi tatu, nyota chini yake.
Ubelgiji.
Zilitoka huko kwa maelfu, karakana za vichochoroni,
huyu mtutu, yule nyundo, yule skrubu,
kama sisi tunavyokaa barazani kuchambua karafuu,
kila mtu na fungu lake.
Jina la fundi hamna. Nambari tu, 61,
na 61 hiyo hiyo ndani ya kitako,
ili viungo vya mwili mmoja visipotezane.

Matundu matano. Manne yapitisha mwanga.
La tano limeziba.

Jasho likanitoka. Barua ya polisi haikulitaja hili.
Nikaichukua uani, nikamwambia Mkasi aingie ndani.
Hakuingia.
Nikaelekeza mtutu ukutani,
nikachokoa kwa njiti ya chelewa, polepole,
kama mtu atoaye mwiba kwenye mguu wa mtoto.

Ikatoka karafuu.
Punje moja, nyeusi, kavu kama msumari.
Haikuanguka mle kwa bahati: ilipangwa,
kichwa ndani, mkia umechomoza kwenye mfuo,
pale pale pa kukaa msumari wa risasi.
Aliyeitia amewahi kutazama
mtu akiishindilia bastola hii, kwa karibu,
na alikuwa na vidole vyembamba.

Nikamwita Bi Chumu. Nikamwonyesha Ubelgiji, na yai, na 61.
Akaitikia "eeh" kwa adabu.
Nikafungua kiganja cha pili.

Alinyamaza hata saa zangu za ukutani zikasikika,
zote, na hakuna mbili zinazokubaliana.
Kisha akaiokota ile punje, akainusa.
"Baba alikuwa akilinda mikeka ya karafuu usiku," alisema.
"Risasi zilimwishia.
Nikamtilia nyingine."

Nikauliza kama wezi walikuja.
Akafunga karafuu kwenye pindo la kanga, fundo mbili,
akasema mbatata nibaki nazo, gari la Mtambwe halingoji.
Bastola hakuitazama tena.

Usiku nikaandika kadi.
Aina: ya mfukoni, risasi za msumari, matundu matano.
Ilikotoka: Ubelgiji.
Nambari: 61.
Mwenyewe:
Wino ukakauka kwenye nibu.
Mkasi alikuwa anamenya mbatata. Akauliza, bila kuinua kichwa,
ile ya saba nimeilaza upande gani wa bati.