Sekunde Tisa

Wimbo umefika Kibaigwa Jumanne,
saa nne kasoro, kwenye simu ya utingo wa Fuso
aliyekuja kupakia mahindi ya Mbagala.
Akasema, "Fundi, huyu si wenu?"
Nikaunakili kwanza, ndipo nikajibu.

Kazi yangu ni hiyo: meza, kompyuta, mwavuli wa kampuni ya simu,
nyimbo kumi mia tano, ukija na memori kadi yako.
Nimewajazia madereva nyimbo za kuvukia Gairo usiku,
nimewajazia maharusi, wauza sumu ya panya,
na kwaya mbili ambazo hazisalimiani.
Lakini huyu, kura zake niliziuza mimi.

Wiki kumi za shindano. Kila Jumapili
baa ya Mama Nyemo ilitoa televisheni nje,
watu wakasimama hadi kwenye mizani ya magunia,
na mimi nakwangua vocha kwa ukucha
hadi ukucha ukaisha.
Asiye na hela nilimwandika. Daftari ninalo.
Mzee Chilewa: kura arobaini.
Mchungaji: kumi na moja, "usiandike jina, andika M."
Akashika nafasi ya tatu.
Tukasema majaji wamekula mlungula. Tukasema mtandao ulikata.
Habari ya deni hakuna aliyeitaja.

Sasa yuko hapa, megabaiti nne.
Sechi. Jina wamelipunguza
kama suruali ya mtumba.
Ngoma inapiga tumboni, kinanda kinameta,
sauti imepigwa pasi, haina kona, haina vumbi,
inamlilia mtu aliyemwacha kwenye lifti.
Kibaigwa hatuna lifti.
Sijui huyo mtu alimpatia wapi.

Saa nane akaja mama yake, Foibe Ndahani,
karanga amezifunga kwenye pindo la kanga.
"Nasikia mtoto ameimba."
Nikampa hedifoni. Akazikandamiza kwa mikono miwili.

Ubeti wa kwanza akatazama barabara.
Wa pili akaniuliza, "Huyu ni nani?"
"Ni yeye, mama."
"Yeye ndiye yupi?"
Sikuwa na jibu, nikaongeza sauti.

Ndipo, dakika ya pili na kitu,
ala zote zikanyamaza
ikapanda ile
hooo-yi! hooo-yi!
nusu ya koo, nusu ya pua,
ambayo watangazaji wa redio wanaiita ubunifu.
Mama akaachia sikio moja.
"Aa. Hapo sasa ni yeye.
Lakini hapo haimbi, mwanangu.
Hapo anafukuza kweleakwelea.
Shamba la uwele, mwaka ule wa madebe mawili.
Alikuwa na miaka saba, juu ya dungu tangu alfajiri.
Sauti ikamkauka. Nikampa maji ya ubuyu,
nikamwambia jua bado."

Akataka kipande hicho tu.
Mara ngapi? Kadi nzima.
Nikakikata: sekunde tisa,
nikazibandika zikafuatana, zikafuatana.
Juu ya kadi nikaandika kwa wino SECHELELA,
jina zima, herufi zikapandana kwa ufinyu.
Nilitaka kumwambia ni bure,
lakini karanga alikuwa ameshazipima.

Jioni nikaupiga wimbo kwa spika kubwa.
Chini ya mizani, kwenye mahindi yaliyomwagika,
ndege walikuwa wanakula.
Hooo-yi, ikapanda. Hooo-yi.
Mmoja aliinua kichwa.
Wengine ni ndege wa sokoni, wamezoea, wakaendelea.

Mzee Chilewa akapita, akasimama,
akasikiliza mpaka mwisho na kimya cha baada yake,
akauliza kama kura bado zinapigwa.